Eda Kwenye Baraza ya Polisi

Nchi yetu haina jina kwa sasa. Lilikuwapo, jina zuri tu, likachakaa kwa kuimbwa, Serikali ikalipeleka kufanyiwa matengenezo na mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo msiniulize haya yalitokea wapi. Mimi ni dobi. Kibanda changu kinatazamana na Kituo cha Kati cha Polisi katika Jiji Kuu, na riziki yangu ni kufua sare za askari na kuzinyoosha kwa pasi ya mkaa. Siasa siijui. Najua doa, najua wanga, najua mkunjo wa suruali. Nitakayoyasema ni yale yaliyopita baina ya kibanda changu na baraza ya kituo, na mkiona yanafanana na ya kwenu, hayo malizaneni wenyewe huko huko.

Mwaka ule Serikali ilipitisha Sheria ya Usingizi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuutazama mji, na Mheshimiwa Waziri wa Mandhari aliona haya wakute watu wamelala kwenye vibaraza vya maduka na chini ya madaraja. Akasema redioni: "Ndugu wananchi, utafiti wa kina umebaini kwamba nchi hii haina hata mtu mmoja asiye na makazi. Tulio nao ni wananchi wenye makazi ambao wamechelewa kurudi. Jukumu letu, kama Serikali sikivu, ni kuwaamsha kwa upendo ili wawahi nyumbani." Tulipiga makofi. Hata wale waliokuwa wamechelewa kurudi kwa miaka ishirini walipiga makofi, maana askari walisimama nyuma yao wakiwatazama mikono.

Kikaundwa Kikosi cha Waamshaji. Kazi yake haikuwa na mambo mengi. Askari akimkuta mtu amefumba macho na juu yake hakuna dari, anamgonga kwa rungu na kumwambia, "Amka. Unaishi wapi?" Asiye na jibu anapelekwa kituoni kusaidiwa kukumbuka. Walisaidiwa wengi. Asubuhi niliwaona wakitoka mlangoni, huyu anachechemea, yule ameshika taya, na nikiuliza naambiwa wamekumbuka vizuri. Sare nazo zililetwa kwangu zimelowa jasho mpaka kwenye kola. Kukumbushana ni kazi nzito.

Ila katika wiki ya kwanza tu ya sheria hiyo, mama mkwe wa Waziri wa Mandhari alifariki dunia. Mnajua desturi yetu. Barabara ikafungwa, turubai likasimamishwa, majamvi yakatandikwa, na wanaume wakalala nje kwa mfiwa kama inavyotakiwa. Kikosi kikapita. Kikawaamsha wote waliolala pale, wakiwamo majaji na Waziri mwenyewe, aliyekuwa amelala kifudifudi na kanzu imempanda magotini. Alipoulizwa anaishi wapi, usingizi ulimkaba akashindwa kujibu, akapigwa rungu moja la upendo. Kesho yake Bunge likaketi kwa dharura na kuongeza kipengele: mtu yeyote aliye msibani anaruhusiwa kulala nje mpaka matanga yaanuliwe, na askari atakayemgusa hana kazi. Kikapita bila mjadala, maana Spika naye alikuwa na mama mkwe mgonjwa.

Sasa nimlete Hamduni. Hamduni alikuwa mlinzi wa benki. Benki ilipohamia kwenye jumba la vioo ilimwacha kwenye kibaraza chake cha zamani pamoja na feni mbovu, naye akaendelea kulinda kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa na koti la ulinzi, zito, la kijani, lenye vifungo vya shaba, na alilivaa hata jua la kuyeyusha lami. Alilala kibarazani pale na mkewe Mwantumu, muuza karanga, pamoja na watu wengine wengi waliochelewa kurudi.

Na alikuwa na mtindo wake. Kila jioni alipita kwenye kila boksi na kila gunia lililotandikwa, akasimama kando kidogo, akasema: "Hodi. Wenyewe mpo?" Asipokaribishwa, alipiga ya pili. Asipokaribishwa, ya tatu, kisha akaondoka zake. Watu walimcheka mwanzoni. Boksi lina mlango gani, wewe mzee? Naye akawajibu kwamba mlango ni mtu aliye ndani. Wakaizoea hiyo hodi yake, wakaipenda, na kibaraza kizima kikawa hakuna anayekanyaga jamvi la mwenzake bila kukaribishwa. Mimi nina mlango wa mbao na kitasa, na wapangaji wenzangu huingia kama mbuzi.

Alasiri moja Waamshaji wakafika kibarazani. Hamduni alikuwa amejinyoosha. Askari akapanda na buti juu ya jamvi la Mwantumu, akainua rungu. Hamduni akafumbua macho, akasema kwa adabu kabisa: "Afande, hapa ni kwa watu. Rudi pale chini, piga hodi, nami nitakukaribisha."

Katika nchi yetu mtu aliwahi kumtukana Waziri na akasamehewa. Lakini kumrudisha askari akapige hodi, tena mbele ya watu, lilikuwa kosa ambalo hata jina halikuwa nalo. Iliwabidi walitunge palepale: kujifanya mwenye nyumba. Wakamchukua. Wakamchukua na Tindo, mchukuzi wa zamani wa stesheni mwenye mguu mmoja mfupi, kwa kosa la kucheka.

Tindo aliachiliwa. Hamduni hakuonekana. Mwantumu akaja kituoni kumwulizia, nami nilikuwa pale nimeleta sare, nikasikia kwa masikio yangu. Askari wa kaunta alimwambia kwa upole, "Mama, mumeo hakuletwa hapa. Na kama aliletwa, aliachiliwa. Na kama hakuachiliwa, basi hakuletwa." Ni maelezo yaliyoziba kila upande, sijui kwa nini mama yule hakuridhika.

Akamfuata Tindo, akamkuta ameketi ameuelekea ukuta. Tindo hakugeuka. "Nilimfumba macho mimi, dada," akasema. "Kwa vidole hivi. Kabla hajakata roho aliuliza, wenyewe mpo? Nikamwambia tupo."

"Yuko wapi?" Mwantumu akauliza.

"Walimtoa amefungwa kwenye turubai. Wapi, sikuona."

Mwantumu hakulia hapo. Alikwenda akakusanya jamvi lake na kikaango chake cha karanga, akavifunga kwenye kanga.

Lazima niseme, kwa haki ya Serikali, kwamba wiki hiyohiyo Kituo cha Kati kilipata bustani. Jana yake palikuwa na udongo mtupu chini ya mlingoti wa bendera, kulipokucha pana mawaridi. Sijapata kuona maendeleo ya haraka namna ile. Waziri wa Mandhari akaja na kikombe, akakipa kituo tuzo ya Mandhari Bora, na Inspekta Mkwizu, mkuu wa kituo, akakipokea kwa mikono miwili huku akiyatazama mawingu. Mawaridi yale yalistawi ajabu. Yalikuwa na wekundu wa kukuogopesha.

Tindo akataka kuitisha mkutano wa watu wa vibaraza. Mkutano haukuruhusiwa, kwani kwetu watu watatu wasio ndugu wakikaa pamoja ni uchochezi, na wakiwa ndugu ni ukabila. Basi wakaunda kamati ya msiba. Hiyo hakuna serikali ya kwetu inayoweza kuizuia, maana hata mkubwa wa nchi akifa, kinachotangulia ni kamati. Tindo akawa mwenyekiti. Ikawako kamati ya maji, kamati ya majamvi, kamati ya ubani, kamati ya kupokea wageni. Watu wa chini ya daraja walikuja, wa dampo walikuja, wa stendi walikuja, watu ambao miaka yote walikuwa wakigombea kipande kimoja cha kivuli. Walipokutanishwa na kamati wakaanza kuitana shemeji na mjomba. Kilio huanzia kwa mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.

Na msiba huwekwa wapi? Kwa mfiwa. Hapo ndipo Mwantumu alipovuka barabara na jamvi lake, akapanda baraza ya Kituo cha Kati, akatandika mbele ya mlango mkubwa, akatundika kanga mbili kuwa pazia, akaketi nyuma yake.

Inspekta Mkwizu akatoka mbio. "Mama, unafanya nini hapa?"

"Nakaa eda," ikasema sauti nyuma ya kanga. "Nipishe, afande, si halali uniangalie."

"Eda hukaliwa nyumbani kwa mume."

"Kwetu palikuwa pale alipolala yeye. Mara ya mwisho alilala humu."

Mnaielewa shida ya Inspekta. Naye alizaliwa na mama, naye alifundishwa kwamba mwanamke aliye eda hasogezwi, hatazamwi na mwanamume asiye maharimu wake, na mwenye kumvunjia pazia hapati heri duniani wala akhera. Zaidi ya hayo palikuwa na kile kipengele cha mama mkwe wa Waziri. Mbele ya baraza turubai la magunia lilikuwa limekwisha simamishwa, ubani unafuka, na watu wa vibaraza vyote vya jiji wamejilaza kwenye majamvi mchana kweupe, wamefumba macho, na Kikosi cha Waamshaji kimesimama juu yao na marungu yake kama watu waliosahau kilichowaleta sokoni.

Akaitwa Sheikh wa Serikali, mwenye ofisi ya kiyoyozi, aje atoe fatwa kwamba mama aondoke. Sheikh alifika na kifungu chake tayari. Alipoketi akauliza, kwa mazoea tu, marehemu alilala wapi siku yake ya mwisho. Watu wote waligeuza macho kuutazama mlango wa kituo, hata askari. Sheikh akakohoa, akasema amekumbuka ana kikao.

"Huna eda," Inspekta akamwambia Mwantumu siku ile, ameugeukia ukuta asimwone, "kwa sababu huna maiti."

"Basi nipeni mume," akasema Mwantumu. "Nipeni mume au nipeni maiti. Kimoja mnacho."

Tokea hapo ikawa hivyo. Kwa kuwa mlango mkubwa ulikuwa na pazia la mjane, askari wakaanza kuingilia dirisha la stoo. Inspekta, mtu wa kitambi, alisukumwa kila asubuhi na makonstebo wawili, na suruali zake zikaanza kuja kwangu zimepasuka mahali palepale. Washitakiwa nao waliingizwa kwa dirisha, kisha ikaonekana ni taabu mno, wakaachwa. Kamati ikadai mambo mawili tu: Hamduni atolewe azikwe, na kuanzia sasa askari kabla ya rungu apige hodi. Waziri alilijibu hilo la pili Bungeni kwa uchungu mkubwa. "Leo hodi, Mheshimiwa Spika. Kesho watataka mlango. Keshokutwa watataka na nyumba nyuma ya mlango. Tutafika wapi?"

Halafu askari wakaacha kulala.

Haya niliyajua kwa nguo. Sare ya mtu aliyelala huja na mikunjo ya kiti na ya kitanda. Sare hizi zilikuja zimenyooka, za watu waliosimama tu usiku kucha. Mwisho Koplo Zuberi, kijana mpole aliyependa mkunjo mkali kwenye mikono, aliniambia akiwa ameegemea meza yangu. Yeye ndiye aliyekuwa amepanda na buti juu ya jamvi siku ile.

"Fundi, kuna mtu anapiga hodi kwangu," akasema. "Anasema hodi, wenyewe mpo. Mara tatu, kisha anakwenda zake. Nikifungua hakuna mtu."

"Labda jirani."

"Kwa Inspekta pia. Kwa wote waliokuwa zamu siku ile. Usiku uleule, saa ileile, kote."

Nilimwambia apake mafuta ya mwarubaini kwenye mlango, dawa ambayo nafikiri ni ya kunguni.

Wakapeana onyo kituoni kwamba mtu yeyote asiitikie. Lakini desturi ni desturi. Mke wa Inspekta, mama mstaarabu aliyelelewa vizuri, alisikia hodi akiwa jikoni, na kabla ulimi haujakatazwa akasema, "Karibu." Toka siku hiyo kwao kulinuka udongo uliochimbuliwa. Kiti kimoja cha mezani kilikutwa kimevutwa nje kila asubuhi, na watoto wakawa wanakipisha wakipita, bila kuambiwa na mtu, wakisema shikamoo. Inspekta akaung'oa mlango wa nyumba yake, akauchoma, ili pasiwe na pa kupigia hodi. Ndipo naye akawa mtu asiye na mlango. Aliposinzia kwenye gwaride la asubuhi chini ya jua, Kikosi kilimgonga rungu na kumwuliza anaishi wapi, kwa mujibu wa sheria. Alifikiri kwa muda mrefu sana. Walimhurumia wakamwachia.

Serikali ikaona imefika mahali pa kutumia akili. Baraza la Mawaziri likaketi likafikia uamuzi kwamba Hamduni yu hai. Ilitangazwa redioni kwa furaha: mwananchi Hamduni, aliyekuwa amechelewa kurudi, amerudi, na Ijumaa baada ya swala atakabidhiwa kwa mkewe na Waziri wa Mandhari, pamoja na nyumba ya vyumba viwili, bati jipya na mlango. Mwantumu akimpokea mumewe, eda inakwisha. Eda ikiisha, matanga yanaanuliwa. Matanga yakianuliwa, kila aliyelala pale amelala nje bila msiba.

Alhamisi yake kililetwa kwangu kifurushi kutoka kituoni, kituo ambacho Hamduni hakuletwa. Nikafungua. Lilikuwa koti la kijani la vifungo vya shaba. Afande aliyelileta akasema nilitoe doa la kwenye kola, ni doa la chai. Nikasema sawa, ingawa chai nimeifua miaka mingi na sijapata kuiona imeganda hivyo, na ingawa chai haina nywele. Nikaloweka. Nikapiga sabuni ya mche, nikapiga magadi, nikaanika juani. Doa lilitoka. Harufu haikutoka. Nikalifukiza kwa ubani niliouomba kwa kamati ng'ambo ya barabara, ikawa vilevile. La kuvunda halina ubani, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimeishika ile nguo mikononi, nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nikalipiga pasi. Nililipiga pasi vizuri sana. Sikujua kingine cha kumfanyia.

Ijumaa watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Waziri alisimama chini ya mlingoti, kando ya mawaridi, akahutubu kwa kirefu juu ya ndoa. Alisema ndoa ni nguzo ya mandhari. Alisema kuna wachochezi wanaoombea watu wafe ili wapate pa kulala. Kisha akapunga mkono, na kutoka dirisha la stoo akateremshwa mwanamume mwenye koti la kijani, kofia imeshushwa mpaka puani, ndevu za Hamduni zimebandikwa. Alitembea kama Hamduni. Walikuwa wamemfundisha.

Tindo akamsogelea, akamtazama, akarudi kukaa. Nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa imechorwa kwenye bango kubwa mbele ya pazia, mlango wake umepakwa rangi ya bluu. Mwantumu angesema "ni yeye" tu, angelala kwake jioni hiyo, na sisi wote tungelielewa hilo, wala nisingemlaumu.

"Mama," akasema Waziri, "mpokee mumeo."

"Sijamwona," ikasema sauti nyuma ya kanga. "Nimekaa eda, sitoki. Kama ni mume wangu, ni halali yake kuingia. Apige hodi yake aingie."

"Ingia, Bwana Hamduni," Waziri akasema, akicheka kidogo. "Mke anakuita."

Mtu mwenye koti akapanda ngazi za baraza. Akasimama mbele ya pazia, kando kidogo. Nilimwona mkono ukiinuka kuishika kanga, ukasimama hewani. Kuingia kwa mwanamke aliye eda, mwanamke si wako, mume wake umemuua, umevaa koti lake. Akafungua kinywa aseme hodi. Akajaribu tena. Neno lenyewe ni dogo, mtoto analisema, lakini kwake lilikataa kutoka. Halafu akatupa kofia, akazing'oa zile ndevu, na sote tukamwona ni Koplo Zuberi, machozi yanamshuka.

"Shemeji," akasema, "siwezi. Alituambia tupige hodi, hatukupiga."

Akalivua koti, akalikunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akaliweka chini ya pazia. Mkono ukatoka nyuma ya kanga ukalichukua.

"Yuko wapi?" akauliza Mwantumu.

"Yuko chini ya maua."

Waziri aliendelea kuhutubu, nakumbuka. Alikuwa anasema jambo juu ya mbolea. Lakini watu walikuwa wamekwisha ondoka kwenye majamvi wakalizunguka lile tuta la mawaridi, na wa kwanza kupiga magoti alikuwa Tindo, akaanza kuufukua udongo kwa mikono. Inspekta akapiga kelele, "Kikosi, waamsheni!" Kikosi kikatazamana. Amri yao ni ya watu waliolala, na pale hapakuwa na aliyelala. Jiji zima lilikuwa macho. Askari mmoja akaweka rungu chini. Mwingine akaenda kuleta jembe la stoo, safari hii kwa mlango mkubwa: akasimama mbele ya pazia kwanza, akasema hodi, akakaribishwa, akapita ameinamisha kichwa.

Walimtoa. Sitaeleza alivyokuwa. Wanaume walisimama wakamzungushia mashuka na migongo yao asionwe, na mimi nikakimbia kibandani kutafuta sanda. Nilikuwa na shuka moja jeupe, pana, halina mshono, safi limepigwa pasi, la kitandani kwa Mheshimiwa Waziri wa Mandhari, lililoletwa kufuliwa. Bado analidai. Akija nitamwelekeza lilipo.

Tulimzika kwenye makaburi ya mjini, nyuma ya reli. Mwantumu hakuja, mwenye eda haendi mazishini. Alibaki barazani na koti mapajani, na ndipo alipolia, kilio kilichosikika mpaka kwenye makaburi, na watu waliokuwa wakifukia wakasimamisha majembe mpaka aliponyamaza.

Serikali ilitoa taarifa jioni hiyohiyo. Ilisema aliyefukuliwa ni mabaki ya kale yenye thamani ya kitaalamu. Ilisema Hamduni yu hai, kwa kuwa Baraza la Mawaziri lilikwisha kuamua hivyo na uamuzi huo haujatenguliwa. Na kwa kuwa yu hai, na hayumo katika nyumba aliyopewa, basi amelala nje, na kwa kuwa msiba wake haupo, amelala nje kinyume cha sheria. Ikatolewa hati akamatwe.

Eda ya Mwantumu ilipotimia alioga, akabadili nguo, akavuka barabara akapita kibandani kwangu kuniaga. Alikuwa amelivaa lile koti. Tukaenda naye makaburini, mimi, Tindo na kamati nzima, kumsomea marehemu. Tulipofika tukakuta Kikosi cha Waamshaji kimetangulia, Inspekta Mkwizu mbele, macho yamemtumbukia, hati mkononi.

"Mama," akasema, naye sauti ilikuwa ya kuomba, "tunamtafuta mumeo. Tuambie alipo yaishe. Hatulali."

Mwantumu akamwonyesha lile tuta, bichi bado, halina ukuta wala dari.

"Amelala pale," akasema. "Pigeni hodi."

Inspekta akatazama nyuma, hakuna aliyemsaidia. Akasogea. Akasimama kando kidogo, kama inavyopasa, akavua kofia.

"Hodi," akasema. "Wenyewe mpo?"

Tukangoja. Akapiga ya pili. Tukangoja, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Tindo bila kujua. Inspekta akavuta pumzi apige ya tatu.